Moto wa Kukabili

Ruzuku ilipofutwa, mbolea ikahamia madukani kwa wafanyabiashara, na bei yake ikawa haishikiki. Hironimus alikwenda ushirika, akakuta kufuli. Ofisi ya kilimo wakamwambia anayehusika yuko safarini. Karani mmoja ndiye aliyemdokeza kwamba kuna mradi wa kuhifadhi udongo, ofisi yake iko Mfaranyaki, nyuma ya mashine ya kusaga. Huko alipata alichokuwa akikitafuta: mbolea ya bure ya ekari mbili. Sharti lilikuwa moja, asichome shamba. Mabua yalale juu ya udongo mpaka bibi shamba wa mradi aje kukagua mwishoni mwa kiangazi. Moto ukitoka nje, mkulima hana kosa. Akiuwasha mwenyewe, anafutwa.

Kwa watu wa Mshangano, kijijini kwake, hilo lilikuwa kama kuambiwa wasioge. Kiangazi watu huchoma nyika, na panya wanaokimbia moto ndio kitoweo. Shemeji yake Kajetani, bingwa wa panya, alicheka mpaka akakaa chini.

“Shemeji, hiyo mbolea utaila na ugali?”

Hironimus alikwenda kulima mkanda wa kuzuia moto chini ya shamba, akaufagia ukabaki udongo mtupu.

Wiki ya ukaguzi, Kajetani aliwasha nyasi za bondeni na upepo ukamgeuka. Moto ulipanda kilima ukinguruma, mrefu kuliko mtu. Juu ya shamba la Hironimus palikuwa na nyumba ya mjane Benigna, paa la nyasi, na kihenge cha mahindi yake yote. Suzana, mke wa Hironimus, alivunja matawi mabichi akasema wausubiri mkandani. Hironimus aliutazama mkanda, akautazama moto. Kisha akachukua kijinga cha moto jikoni kwa Benigna, akawasha mabua yake mwenyewe kuanzia juu, Suzana akiuchapa moto usirudi nyumbani kwa watu. Shamba likaungua lote. Moto wa bondeni ulipofika mkandani haukukuta mbele cha kula, ukafa. Kama mkanda peke yake ungetosha, hakuna aliyejua.

Bibi shamba, Pamela, alifika kwa pikipiki, akasimama kwenye majivu.

“Moto ulitoka bondeni, sivyo, baba?”

“Ni wangu, dada,” Kajetani akawahi kusema.

“Wako haukuvuka mkanda wangu,” alisema Hironimus. “Huu niliuwasha mimi.”

Pamela akamuuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Hironimus akajibu vilevile. Pamela akamwambia kwamba basi amefutwa, akaondoka.

“Ungenyamaza tu, baba Otto,” Suzana alisema.

“Aseme mkanda wangu ulishindwa?”

“Haya. Tutavuna mkanda.”

Mahindi bila mbolea kwenye udongo ule ni kazi bure. Mvua za kwanza ziliponyesha, walipanda mihogo.