Vyuma Vifupi

Keekee alipiga magoti juu ya lami iliyokwisha kushika joto, akaelekeza mashine ya kutobolea kwenye tundu la kizuizi cha zege. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mkono wake ulitetemeka kama keekee inayotoboa mbao, hata akishika kijiko. Kila kizuizi kilitakiwa kupigiliwa vyuma virefu, vipite kwenye zege na kuzama ndani ya lami, ili gari likigonga kisisogee. Nguzo ya daraja ilikuwa hapohapo nyuma.

Vyuma virefu vilionekana asubuhi ya kwanza tu. Baadaye lori la kampuni lilivipeleka kwenye nyumba aliyokuwa akijenga mkubwa mmoja. Vilivyorudi vilikuwa vipande vya urefu wa kiganja.

"Hivi havifiki kwenye lami, bosi," Keekee alimwambia nyapara.

"Kichwa kinaonekana?"

"Kinaonekana."

"Basi kimefungwa. Au nikuitie mwenye haja na kazi? Wamejaa pale getini."

Keekee akapigilia.

Dada yake alikuwa fundi viatu. Alikaa na sindano na gundi yake nyuma ya vizuizi hivyo, kwenye kivuli cha nguzo, mahali wateja walipomzoea. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemlea Keekee mpaka akaota ndevu. Siku hiyo, wakila, Keekee alimwambia, "Dada, hama pale."

"Nihamie wapi? Mmenijengea ukuta, leo ndiyo uniambie nihame?" Akacheka. "Siku hizi nashona kama niko sebuleni."

"Vile vitu havijashika."

Dada aliacha kutafuna. "Si umevifunga wewe?"

"Nimevifunga nilivyoambiwa."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakanionyesha watu walioko getini."

Dada alimsogezea sahani. "Kula, mdogo wangu. Nikipata pengine nitahama."

Alitafuta. Kwenye varanda ya ghala mlinzi alimfukuza. Sokoni kila pembe ilikuwa na mwenyewe. Akarudi chini ya daraja.

Lori la mchanga liliteleza siku ya manyunyu. Halikuwa hata na mwendo. Kizuizi kilisogea taratibu, kama kabati linalosukumwa sakafuni, kikambana dada mguu kwenye nguzo. Keekee alikuwa upande wa pili akitoboa, na kwa kelele za mashine hakusikia kitu mpaka alipoona wenzake wanakimbia.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Mhandisi alifika na gari safi. Kwenye nguzo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliupiga picha kila upande, akaupapasa kwa kidole. Kabla wiki haijaisha, vyuma virefu vilipatikana.

"Wakubwa wameshtuka," nyapara alisema. "Nguzo ikipata kilema, daraja zima kwisha."

"Na dada yangu?"

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini kwani nani alimkalisha pale?"

Keekee alitamani kuitupa mashine na kwenda zake. Ila dada alikuwa akililia dawa ya maumivu, na mwenye mgonjwa nyumbani hana ubavu wa kususa. Akapiga magoti palepale palipooshwa kwa maji. Safari hii chuma kilizama chote. Alipomaliza alisukuma kizuizi kwa bega, kwa nguvu zake zote, kisha kwa hasira. Hakikutikisika.

Dada alirudi akitembelea magongo, kisanduku cha kazi kikining'inia shingoni. Mlinzi mpya wa daraja alimzuia.

"Nyuma ya vizuizi hairuhusiwi, mama."

"Si vimefungwa sasa?"

"Vimefungwa. Lakini hivi vinalinda nguzo, mama. Si watu."

Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kufika, kiatu mkononi, soli inaning'inia. Dada alimtazama mlinzi, akamtazama mteja. Akazunguka kizuizi, akajishusha upande wa barabara, mgongo kwenye zege, mguu uliobaki ameunyoosha juu ya lami. Akatoa sindano.

Keekee alikuja mbio, akasimama kati yake na magari.

"Dada, inuka."

"Niinuke niende wapi?" Alikuwa akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya uzi. "Sogea. Unanizibia mwanga."

Lori lilikuwa likija. Keekee hakujua asogee wapi.