Mama Mkwe Azama Handeni

Simu ilipoita, Getruda alikuwa kibandani kwake Manundu, mjini Korogwe, suruali tano za mtumba zimening'inia shingoni, pini iko mdomoni. Sauti ya kike ikamwambia ameshinda bahati nasibu ya sabuni: siku mbili kwenye hoteli ya kifahari ya ufukweni, kula na kulala bure. Getruda akatoa pini mdomoni ili atukane vizuri. Matapeli wa simu aliwajua. Walishamfundisha mara mbili, na ada yao alilipa. Lakini huyu hakuomba namba ya siri wala hela ya kutolea. Aliuliza tu kama mama anakula pilipili.

Ijumaa asubuhi gari likaja kweli, jeupe, ndani baridi kama friji ya bucha. Getruda akakaa nyuma akiwapungia mkono majirani mmoja mmoja, hata wale asiosalimiana nao. Hao ndio aliwapungia mara mbili. Gari likaiacha barabara ya Tanga, likashika ya Handeni.

"Kijana," akasema, "bahari iko kule."

"Ile ni ya watu wote, mama," dereva akajibu. "Sisi tuna ya kwetu."

Hoteli ilikuwa nje kidogo ya mji wa Handeni, na kwa uzuri ilikuwa nzuri hasa. Ghorofa tatu nyeupe, sakafu unayoweza kujitengenezea nywele ukiitazama. Mbele yake mchanga uliosombwa kwa malori, minazi sita iliyoegeshwa kwa waya isianguke, miavuli ya makuti, vitanda vya kujilaza. Baada ya mchanga ndiyo ikaanza bahari yenyewe: uwanda wa majani makavu mpaka kwenye vilima, na mbuzi kama arobaini katikati.

Meneja, Bwana Semboja, alimpokea akiwa amevaa tai, miguuni peku. "Karibu sana mama. Umefika wakati mzuri. Maji yamekupwa."

"Yamekupwa tangu lini?"

"Tangu tufungue," alisema Semboja bila kupepesa jicho. "Bahari ipo, mama. Maji ndiyo bado."

Getruda aliitazama bilauri ya juisi ya ukwaju aliyopewa, ina kimwavuli cha karatasi juu yake, akaamua kwamba mambo ya bahari hayamhusu. Akapelekwa chumba namba nne, cha kutazama maji. Kitandani alikuta taulo limekunjwa likawa bata. Ukutani palikuwa na tangazo: *Tafadhali funga dirisha, hewa ya chumvi inaharibu samani.* Akafunga. Mtu wa kufuata taratibu, Getruda.

Aliposhuka ufukweni alimkuta mgeni mwingine mmoja tu, Mzee Mbwana, mkulima wa mahindi wa hukohuko Handeni, aliyeshinda kwa sabuni ileile. Alikuwa amejilaza chini ya mwavuli na kanzu yake, kofia usoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiende kuogelea. Leo imechafuka." Akaonyesha bendera nyekundu.

"Na haya madumu ni ya nini?"

Kando ya mchanga yalikuwa yamepangwa madumu ya maji, ya njano, ya bluu, mengine yamekatwa vichwa, mstari mmoja mrefu unaopita lango la hoteli na kupotelea mtaani. Kila dumu lilikuwa na alama ya mwenyewe: kitambaa, jiwe, chanuo.

"Foleni," alisema Mzee Mbwana. "Watu walisikia kuna bahari inakuja. Wameweka nafasi."

"Si itakuwa ya chumvi?"

"Tumewaambia. Wanasema wataanza kuungia mboga."

Hapo filimbi ikalia kwa nguvu. "Wewe! Toka kwenye kina! Wewe na mbuzi wako! Pwiiii!"

Getruda akageuka, na alichokiona kikamfanya avute kanga mpaka puani. Juu ya kiti kirefu cha mbao alikuwa amesimama kijana mwenye kaptula nyekundu fupi, mgongo wazi, filimbi mdomoni. Kisogo kile alikijua. Kilikuwa cha Denis, mchumba wa binti yake Grasiana.

Sasa hapa lazima ieleweke. Kwa kina Getruda, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani hata kama kichaka kina siafu. Miezi minne tangu alete posa, Denis, mtoto wa kambi za katani za Ngombezi, alikuwa akija Manundu na kuzungumza na mlango. Getruda alimjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa kisogo hicho, na kisogo alikipenda. Aliposikia mkwe anafanya kazi ufukweni, alidhani ni Tanga. Mapaja yake hakupangiwa kuyaona katika maisha haya.

Denis naye alikuwa ameisikia sauti. Akateremka kitini kama anayeteremka mnazi, akasimama akitazama vilima.

"Mzee Mbwana, mwambie huyo mama shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Nimesikia. Mwambie marahaba. Na muulize suruali yake iko wapi."

"Suruali yako iko wapi?"

"Mwambie hii ndiyo sare ya mwokoaji. Ninaokoa wanaozama."

Getruda akaitazama bahari. Mbuzi mmoja alikuwa akijikuna kwenye boya. "Muulize ameshaokoa wangapi."

Kisogo kikainama.

"Mwambie," Denis akasema polepole, "hakuna. Na muda wangu wa majaribio unaisha leo saa kumi na moja. Mkataba unasema mwokoaji ambaye miezi mitatu hajaokoa mtu hafai kuajiriwa."

"Jana kanibembeleza mimi nizame," Mzee Mbwana akaongeza ya kwake. "Nikamwambia, mwanangu, nimezaliwa Handeni. Maji ya kunizamisha sijayaona hata kwenye pipa. Nitaanzia wapi?"

Moyo wa Getruda ukashuka mpaka kwenye ndala. Shemeji yake Joseph, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba bila barua ya ajira hakuna ndoa. Kanisani wameshatangazwa mara mbili, Jumapili ni ya tatu. Gauni limeshashonwa. Na Grasiana alikuwa anampenda huyu kijana kiasi kwamba alikuwa ameanza kuosha vyombo bila kuambiwa.

Akamfuata Semboja mapokezi. "Baba, mtu akitaka kuzama hapa, utaratibu ukoje?"

Semboja akafurahi kama aliyeletewa mwali. Akafungua kitabu. "Unavuka maboya, unaingia kwenye kina, unapiga kelele, unazama. Mwokoaji anakubeba begani mpaka mchangani. Mimi natazama kwa darubini, natia sahihi."

"Lazima begani? Hawezi kunirushia kamba?"

"Kamba ni ya boti."

"Boti iko wapi?"

"Mama, si nimekwambia maji yamekupwa?"

Getruda akarudi mwavulini akiwa na mzigo kichwani. Asipozama, hakuna harusi. Akizama akabebwa, mkwe aliyembeba mama mkwe begani kama gunia la mkaa atamwingiza vipi nyumbani? Manundu yote itacheka mpaka wajukuu waote meno. Akafikiri mpaka juisi ikaisha.

"Mzee Mbwana, mwambie huyo kijana nitazama. Lakini nitazama karibu, na kidogo. Yeye apige filimbi, mimi nitaifuata mpaka nje. Niokolewe kwa sauti."

"Na Semboja?"

"Wewe mwonyeshe hao mbuzi. Mwambie ni nyangumi."

Saa kumi na nusu Getruda akajifunga kanga vizuri, akapiga ishara ya msalaba, akavuka maboya. Majani yalimfika magotini, yakiwasha. Akatembea hatua thelathini ndani ya bahari, akanyoosha mkono juu, na kwa kuwa alikuwa amezoea kunadi mitumba kwenye mnada, sauti ikatoka zaidi ya alivyokusudia:

"Nazama jamaniiii! Nazama!"

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Kwingine mtu akisikia mwenzake anazama anauliza ni nani. Handeni anauliza ni wapi, na dumu liko mkononi.

Sauti ikapita langoni, ikaingia mtaani. "Kuna mtu anazama!" "Wapi?" "Hotelini!" "Kwa hiyo yamefika!" "Yamefika! Yanazamisha mpaka watu wazima!" Kina mama wakaacha vyungu jikoni. Fundi cherehani akatoka na shati la mtu likiwa na mkono mmoja. Bodaboda zikaja, kila moja na madumu sita. Foleni ya miezi mitatu ikavunjika kwa dakika moja, kila mtu akanyakua dumu lake, na asiyelipata akanyakua la jirani, na umati wote ukaruka mchanga wa malori na kuingia baharini kwa kishindo. Mbele kabisa lilikuwa linakuja pipa la bati kwenye mkokoteni uliomshinda mwenyewe nguvu.

Getruda, aliyekuwa ameshalala chali ili kuzama kitaalamu, akasikia ardhi inatetemeka. Akainua kichwa. Akaona pipa. Akataka kusimama, mguu ukatumbukia kwenye shimo la mnyama, kifundo kikapinda, akakaa chini. Sasa akapiga kelele ya pili, na hii haikuwa ya kunadi kitu.

"Nakufa! Jamani nakufa kweli!"

Denis aliijua tofauti. Filimbi ikamwanguka. Lakini heshima ni heshima: alifumba macho kabisa, akayakaza, ndipo akatimua mbio.

"Kulia!" Mzee Mbwana akasimama juu ya kitanda, kanzu inapepea. "Kulia kwako, siyo kwangu! Ruka mbuzi! Ruka mwingine! Inama sasa, inama, hapo hapo, shika! Siyo huyo, huyo ni beberu! Mwenye kanga! Shika kanga!"

Getruda alijifunika kanga gubigubi. Akajihisi ananyanyuliwa, akasikia mkwe anaguna kwa chini kabisa ya kifua, kama winchi ya kiwandani Ngombezi, kisha dunia ikaanza kuruka juu chini. Nyuma yao pipa likapita na kusaga pale pale alipokuwa amekaa. Denis akamtua mchangani, akageukia vilima, ndipo akafumbua macho.

Huko kwenye kina umati ulikuwa umesimama na madumu matupu. Mwanamke mmoja akachota kwa kikombe, akalinusa vumbi.

"Mmemaliza yote?" akawauliza waliotangulia.

"Sisi tumefika hata hatujatia kata!"

"Mbona dumu lako zito?"

"Lina mafuta ya taa!"

Ugomvi ukawaka wa nani kavunja foleni, ukawashughulisha mpaka jua linaelekea vilimani.

Semboja alifika na kitabu, jasho limelowesha tai. "Safi sana. Sasa ukurasa wa saba. Mwokoaji anampa mgeni pumzi, mdomo kwa mdomo."

"Astaghfirullah!" akasema Mzee Mbwana.

"Nimepona!" Getruda akaruka kwa mguu mmoja. "Tena sijawahi kuwa mzima hivi!"

Semboja akaandika: *Mgeni kapona kabla ya huduma kukamilika.* Kisha akashusha miwani. "Swali la mwisho. Mwokoaji akiokoa ndugu, jamaa au mkwe, haihesabiki. Tulishapata watu wanaleta shangazi zao. Mama, huyu kijana unamjua?"

Mzee Mbwana akaanza kuhesabu makuti ya mwavuli. Kisogo cha Denis kikakakamaa. Dhambi ya uongo Getruda aliiogopa kidogo, hasa juma la matangazo ya ndoa. Akafikiri, halafu akanyoosha mkono juu kama yuko mahakamani.

"Baba, Mungu ni shahidi. Huyu mtu uso wake sijawahi kuuona hata siku moja."

"Na wewe, Denis. Huyu mama unamjua?"

"Bosi," Denis akawajibu vilima, "mkinipangia wamama kumi hapa, nikiambiwa nimchague, siwezi."

Na lilikuwa jibu la kweli tupu. Semboja akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mama amejifunika kanga, kijana kageuka ukuta. Hata watu wasiojuana, aliwaza, huwa wanatazamana. Hawa hawajuani kupita kiasi. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akampa Denis barua ya ajira.

Jumamosi mchana gari lilimsubiri Getruda langoni, mguu umefungwa bandeji. Alipokuwa anajaza fomu ya maoni ya wageni, pale penye *Ulifurahia nini zaidi?* aliandika: *Usafiri wa kutoka baharini.* Denis alisimama nyuma ya nguzo, suruali ndefu, kajibana kama mwizi.

"Mgeni wa chumba namba nne," nguzo ikasema. "Safari njema. Ukifika Korogwe unisalimie mama mkwe wangu, pale Manundu."

"Namfahamu," Getruda alijibu akiitazama bahari. "Nitamwambia umeajiriwa. Atafurahi sana. Kuna lingine?"

"Kuna huu mgongo. Tangu jana haunyooki. Lakini hilo usimwambie, atajisikia vibaya."

"Nitaanza nalo," alisema Getruda, akaingia garini.