Tanzia ya Bomba la Mlango B

Mara ya tatu maji machafu yalipopanda chooni kwa Bi Rusalina na kutambaa hadi chini ya kitanda chake, mwanawe Plamen alipiga simu kutoka mji wa Plovdiv akasema basi, uza nyumba, njoo ukae kwetu. Bi Rusalina, aliyehamia ghorofa ya chini jengo lingali linanuka rangi, alimjibu kwamba hafukuzwi kwake na mavi ya watu.

Fundi alichomoa waya wake bombani ukiwa na vitambaa vya kupangusia watoto, vimegandamana na mafuta ya nguruwe kama saruji. Mafuta hayo Bi Rusalina aliyajua. Kila Desemba, nguruwe wakishachinjwa kijijini na nyama kuletwa jengoni, ghorofa zote nane za juu hukaanga, na masufuria humwagwa chooni pamoja na supu iliyolala, eti choo kina koo pana. Miaka thelathini aliwaambia. Walimwitikia ngazini, wakapanda, wakamwaga.

Aliitisha mkutano, wakaja wawili. Alibandika maonyo, hakuna aliyeyatazama. Ila karatasi za tanzia, ambazo huko hubandikwa kwenye lango la jengo kila afapo mtu, hapo Mlango B kila mtu huzisoma, hata mwenye haraka.

Basi akaandika ya kwake, yenye ukingo mweusi, akaibandika katikati ya marehemu wengine:

"Kwa hasira tunatangaza kifo cha bomba letu, umri miaka arobaini na moja. Limeuawa na mafuta ya ghorofa ya nne, vitambaa vya ghorofa ya sita, supu ya wote. Choo ni cha haja tu. Mafuta yaacheni yagande, mkayatupe jaani."

Zdravka wa ghorofa ya nne alishuka mbiombio, mikono ingali na unga.

"Umeniaibisha mbele ya wafu, mama."

"Wafu hawamwagi mafuta, binti yangu. Ingia."

Akamwonyesha sakafu iliyobanduliwa na kitanda kilichopandishwa juu ya matofali. Zdravka aliinama akayagusa matofali. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, mafuta huchukua saa ngapi kuganda.

Siku ya arobaini, kama wafanyiwavyo wafu wote, ambao tanzia zao hurudiwa siku hiyo na tena baada ya miezi sita, Bi Rusalina alibandika tanzia ya pili. Sakafu yake ilikuwa kavu. Akaenda jaani, akahesabu makopo ya mafuta yaliyoganda. Saba.

Juu yake kuna ghorofa nane. Akarudi ndani, akachukua kalamu, akaanza kuandika ya miezi sita.