Sekunde Nne za Pasi

Mguu wa kulia wa kaka yangu ulikuwa haujui kutulia. Tukikaa mezani kula ulikandamiza sakafu, ukaachia, ukakandamiza tena. Miezi minane ilipita hivyo. Mkewe alishachoka kumkataza, na mimi kila nikiutazama mguu ule nilimwona Pasi.

Pasi alikuwa fundi mkuu wa karakana ya malori ninakofanya kazi. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya ovaroli yake, ambayo haijawahi kuonekana na kunyanzi. Yeye ndiye aliyeandika ripoti ya ajali ya kaka. Lori lake lilishuka mteremko wa kuingia bohari, likagonga ukuta, na utingo wake akakatwa mguu. Ripoti ilibeba grafu moja yenye mistari miwili: mwendo wa lori, na pedali ya breki. Mstari wa pedali ulifika juu wakati lori limeshafika ukutani. Dereva alichelewa kukanyaga, Pasi akaandika. Kaka akafukuzwa kazi na leseni ikachukuliwa.

"Nilikanyaga mapema, mdogo wangu," kaka aliniambia wiki ile. "Pedali ilizama yote. Lori ndilo lililokataa."

Mimi ndiye ninayefunga vihisi, vile vifaa vya kupima mwendo na breki, kwenye malori hayo. Niliishika karatasi, nikaisoma kwa kiburi cha ufundi wangu wote. "Grafu haina ugomvi na mtu, kaka," nikamwambia. "Ulichelewa."

Hakubisha tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Mguu ndio ulioendelea kubisha.

Mwezi uliopita nilikuwa nampangia kaka kabati lake nikaikuta karatasi ile chini ya mashati. Nikasogea nayo dirishani. Kihisi cha gari hakikosi kelele: umeme wa injini unautikisa mstari mpaka unaota vinywele. Ili usomeke, kompyuta huchukua vipimo vichache vya mwisho, hutafuta wastani wake, ndipo ichore. Kwetu ni vipimo vitano. Mstari wa mwendo ulikuwa na vinywele vyake vilivyobaki, kama kawaida. Wa pedali haukuwa na hata kimoja. Ulipanda taratibu, laini, umenyooka kama ovaroli ya Pasi.

Hivyo havikuwa vipimo vitano. Ukitafuta wastani wa mamia ya vipimo, mguu uliokanyaga sasa hivi unachanganywa na vipimo vya nyuma, vya wakati ulipokuwa bado juu, na mstari unachelewa kufika. Pasi aliulainisha mstari wa pedali peke yake. Niliirudisha karatasi chini ya mashati.

Sikumwambia mtu. Kumshtaki kwa barua kungekuwa kumhurumia. Nilitaka aumbuke hadharani, kama alivyomuumbua kaka.

Kinasa data cha lori lile kilikuwa stoo, kimefungwa waya na kibandiko cha namba. Pasi alichezea picha ya kwenye kompyuta, akasahau kwamba kinasa chenyewe hutunza vipimo vibichi, na lori lile halikutembea tena, kwa hiyo vipimo vipya havikuvifuta. Nikavisoma mchana kweupe, yeye akiwa ofisini kwake anakunywa chai. Kisha nikangoja wiki tatu, nikimwamkia kila asubuhi kwa adabu. Sijawahi kufurahia salamu namna ile.

Mkaguzi wa bima alipokuja na mwenye kampuni, niliomba kuwaonyesha mitambo yetu uani, kwenye lori lililoegeshwa. Skrini niliiweka juu ya pipa.

"Fundi mkuu," nikasema, "tusaidie. Kaa kwenye usukani. Nikipiga kofi, kanyaga breki."

Alipanda akitabasamu. Nikapiga kofi. Akakanyaga, taa za nyuma zikawaka papo hapo, wote wakaziona. Kwenye skrini mstari ukaanza kujikokota. Ulipofika juu, mkaguzi alikuwa akiitazama saa yake.

"Sekunde nne," akasema. "Mbona hivi?"

"Umechelewa, fundi mkuu," nikamwambia Pasi. "Utingo ameshakatika mguu."

Tabasamu lilimtoka. "Umeweka wastani wa vipimo vingapi?"

"Mia nne. Kama wewe kwenye ripoti ya kaka yangu."

"Huo ni uongo!"

Nikarudisha vitano, nikapiga kofi jingine. Akagoma kukanyaga. Mwenye kampuni akasema, "Kanyaga, bwana," naye akakanyaga, na safari hii mstari ulisimama wima pamoja na kofi. Ndipo nikafungua vipimo vibichi vya siku ya ajali. Pedali imefika chini sekunde nne kabla ya ukuta. Chini yake mstari wa hewa ya breki, ambao Pasi hakuuweka kabisa kwenye ripoti, unaanguka ghafla. Bomba lilipasuka, bomba ambalo yeye alitia saini kwamba amelibadilisha.

Aliteremka akiwa na grisi kifuani, sijui aliipatia wapi. "Dada yangu," akaninong'oneza, "nina watoto. Nisamehe."

"Muombe utingo," nikasema. "Mimi bado sijamaliza kufurahi."

Wakamtoa getini kabla ya chakula cha mchana. Nilisimama nikamwangalia hadi alipokata kona, na roho yangu ikawa nyeupe.

Jioni nilimpelekea kaka grafu mpya. Niliiweka mezani mbele yake, nikamweleza yote, kofi, taa, grisi, getini, nikicheka peke yangu. Yeye aliufuata mstari wa pedali kwa kidole, akarudia tena.

"Kwa hiyo nilikanyaga."

"Ulikanyaga, kaka. Pasi nimemkomesha!"

"Pasi simjui sana," akasema. "Tulikuwa tunasalimiana tu." Akaikunja karatasi mara mbili. "Wewe ulinijua tangu nakubeba mgongoni. Nilikuambia nimekanyaga, ukaamini karatasi."

Mkewe akaleta sahani, tukala. Chini ya meza mguu wake ulikuwa umetulia kabisa. Uliokuwa ukikandamiza sakafu ni wangu.