Chipukizi wa Kiongoroni

Kilio kilitufikia kabla ya mtumbwi. Sisi wakata mikoko wa Kiongoroni tuliweka mashoka chini, tukasikiliza mpaka mwanamke akatokeza kwenye kona ya mto, amejifunga kaniki. Alikuwa Mwanawetu wa Mahege. Mwanawe, Haruni, aliyekataa kulimishwa pamba ya Wadachi akaingia vitani, alikuwa amepigwa risasi na askari wao, wala maiti yake haikuonekana.

"Kesho kutwa ni arobaini yake," alimwambia Mwinyimvua, manju wetu. "Nataka aimbiwe mbolezi, wimbo wa kumlilia. Atajwe jina."

Kwetu, aliyefia mbali huletwa nyumbani kwa jina, na manju ndiye hulitamka mbele za watu.

Mwinyimvua alikuna ndevu. "Akida wa Wadachi ametangaza, mwanangu. Atakayewaimba waliopigana nao atanyongwa. Dua nitasoma. Jina, hapana."

"Nitaimba mimi," nikasema.

"Wewe, Mtoro? Wewe chipukizi!"

Miaka mitatu nimeitwa hivyo. Mbele ya wageni alinisifu: "Huyu chipukizi wangu, mtamsikia!" Tukibaki wenyewe, neno lile lile lilinifunga mdomo: chipukizi haanzishi wimbo, huitikia. Nami sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa kuhesabu vipigo vya shoka.

"Anayechipukia hutokeza juu ya udongo, mzee, akaonekana."

"Akaonekana na mbuzi!"

"Waje. Nina miiba."

Wenzangu walicheka. Nikaimba pale pale:

*Haruni wa Mwanawetu, jembe la pamba katupa,*
*Kasimama kama mtu, na mgongo hakuwapa.*

Mwanawetu alinyamaza kulia. "Hakulitupa," alisema. "Alilivunja gotini, akida akimtazama."

Damu ilinipanda usoni. Ubeti wangu nilikuwa nimeupenda. Lakini mwana ni wake. Nilifumba macho kidogo, nikaanza upya:

*Haruni wa Mwanawetu, jembe la pamba kavunja,*
*Kasimama kama mtu, risasi akazionja.*

Mwinyimvua alihesabu mizani kwa vidole, mara mbili. Hakupata kosa.

"Anzisha wewe," akasema taratibu. "Mimi nitaitikia. Akida akinyonga, atunyonge sote."

Nilimsaidia Mwanawetu kurudi mtumbwini.

"Mama," nikamwambia, watu wote wakisikia, "kesho kutwa, jua likiwa juu, nitalitaja jina la Haruni na la baba yake. Na akida akija, nitalirudia."