Mchezo wa Redio Uliojua Mambo ya Mariette

Séphora ndiye aliyemletea Mariette ule mchezo wa redio, na ndiyo maana Mariette alianza kwa kumshuku yeye.

Walikuwa wanashona kwenye baraza moja huko Butembo, kila mmoja na mashini yake, wakiangalia barabara. Séphora alipenda michezo ya redio tangu utotoni. Simu yake ilijaa: hadithi zilizosomwa kwa sauti, vichekesho vya Kinande, michezo mirefu ya mapenzi ambayo watu walirushiana kwa WhatsApp. Na alipopenda kitu, hakuweza kukipenda peke yake. Wateja walikuja kupimwa libaya, blauzi za kitenge, wakaondoka na mchezo mpya kwenye simu zao.

"Yaya Mariette, hii usikose kuisikia," alisema siku moja, akimwita yaya kama dada yake mkubwa. "Inatoka ku redio moja ya Beni, kila dimanche kisha kanisa. Ni ya bibi na bwana tu. Hakuna vita, hakuna kufukuza mapepo. Mais utacheka mupaka utashindwa kushona."

Mariette alisikiliza huku akipinda ukingo wa kikwembe. Mke wa kwenye mchezo alikuwa fundi wa nguo. Uzi ulipomkatikia, akaiambia mashini yake: "Mama-mukwe, leo nimekukosea nini tena?"

Séphora akacheka. Mguu wa Mariette ukasimama juu ya pedali.

Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema nyumbani, miaka ile ambayo mume wake Malachie alikuwa akikaa mlangoni na kumcheka. Tangu ahamishie mashini barazani alijizuia, ila labda yalikuwa yamemtoka siku moja uzi ukikataa. Akamtazama Séphora, ambaye alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Nani anaandikaka hii mchezo?"

"Sijue, Yaya. Habatajake jina yake."

Mariette akaikanyaga tena pedali, jicho likiwa kwa Séphora.

Malachie alikuwa mnunuzi wa kakao. Alikamatwa karibu na Mbau na watu wa porini, waasi wenye bunduki, pamoja na wakulima aliokuwa amewafuata shambani, na tangu hapo miaka ilipita bila habari. Dada yake Agar, aliyeishi kwao Luofu, alikuwa akimpigia Mariette simu mara kwa mara kumwomba akubali matanga yafanyike. Mariette alikataa. Hakuna maiti, alisema, hakuna matanga.

Jumapili iliyofuata alisikiliza mwenyewe, nyumbani, redio ikiwa karibu na sikio. Sehemu ile ilihusu bibi harusi aliyempikia baba mkwe sombe, mboga ya majani ya muhogo, akachanganya mikebe, akatia sukari badala ya chumvi. Mzee alikula yote bila kukunja uso, akaomba iongezwe.

Hilo lilitokea Luofu, juma la kwanza la ndoa yake. Baba mkwe alikwisha kufa. Mariette alijitahidi kukumbuka kama aliwahi kumsimulia Séphora. Pengine ndiyo. Wanawake wawili wanaoshona pamoja kutwa nzima husema mengi.

Akaamua kumtega. Alimsimulia Séphora kwamba alipokuwa mtoto, bata aliingia kanisani akamuuma mguu wakati wa maombi, naye akapiga kelele mpaka pasteur akasahau alipofika. Alikuwa ameutunga uongo huo usiku kitandani. Séphora akacheka sana. Mariette akaangalia kama anaweka jambo hilo kichwani.

Jumapili ikaja, bata hakutokea redioni. Nyingine ikaja, bata hakutokea. Mtu mwingine angetulia hapo. Mariette akaona kwamba Séphora ni mjanja kuliko alivyofikiri.

"Unauzisha maneno yangu ku Beni?" alimuuliza asubuhi moja, kabla hawajafungua mashini.

Séphora alifikiri ni mzaha, akaanza kutabasamu, kisha akaona uso wa mwenzake. "Yaya, unasema nini?"

"Ule bibi wa redio ni mimi. Na mutu mwenye kukaa karibu yangu siku yote ni wewe."

"Mimi nasikilizaka tu. Nilikuletea juu ilinifurahisha." Séphora akainuka. "Donc, siku zote hizi ulikuwa unaniangalia hivi?"

Hakungoja jibu. Alibeba mashini yake mpaka mwisho wa baraza, akakaa akimpa Mariette mgongo.

Sehemu ya mchezo iliyofuata ilianza na jogoo kuwika na mlango kufunguliwa. Sauti ya mume ikauliza kwa upole: "Mugeni wetu ameamukaje?"

Mariette alizima redio.

Mugeni lilikuwa jina walilompa mtoto tumboni. Kila asubuhi Malachie alikuwa akimuulizia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mimba ilitoka kabla haijaonekana kwa watu. Mariette hakumwambia mama yake, wala Séphora, wala mtu yeyote. Duniani walilijua jina hilo watu wawili.

Basi Malachie yuko hai, akawaza. Furaha ilimjia na kukaa kidogo sana, kisha ikaingia hasira. Yuko hai Beni, mwendo wa gari usiomaliza hata asubuhi moja, anawachekesha watu kwa mambo ya mke wake. Kwa nini hakurudi? Anaishi na nani? Na Agar, kwa nini alikuwa na haraka ya kumlilia mtu ambaye hakufa?

Akampigia simu wifi yake. "Agar, siku hizi ulifika Beni?"

Agar akajibu kwa swali: "Juu ya nini unaniuliza?"

"Nauliza tu."

"Nilienda sokoni," alisema Agar, akakata.

Mtu wa Luofu hatoki kule kusini mpaka Beni kwa ajili ya soko. Mariette sasa aliona kila kitu kimeunganika. Asubuhi yake alivaa kikwembe chake kizuri, akapanda gari, na njia nzima alikuwa akichagua maneno ya kumwambia Malachie. Alianza na makali, akayaacha, akatafuta makali zaidi.

Redio ilikuwa nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Boikene. Mkurugenzi wake, mzee aliyeitwa Ésaïe, alimkaribisha kiti, lakini aliposikia swali lake akafunga daftari alilokuwa akiandikia.

"Nani amekutuma, mama?"

"Hakuna mwenye kunituma."

"Mutu akiingia hapa na kuuliza jina ya mutu na mahali analala, mara zote kuna mwenye amemutuma. Uko na carte?"

Mariette akatoa carte yake ya électeur, ile ya kupigia kura. Ésaïe aliisoma mbele na nyuma, akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Mwenye kufanya ule mchezo ni bwana yangu," Mariette alisema. "Anaitwa Malachie. Ni mutu wa Luofu."

"Hatuna mutu wa jina hiyo."

Kabla ya kujibu alikuwa ametupa jicho mlangoni, na Mariette aliliona jicho hilo. "Papa, mimi nitakaa hapa mupaka atoke."

Mzee akatoka nje kupiga simu. Alizungumza Kinande kwa sauti ya chini, kana kwamba Mariette hakulelewa katika lugha hiyo hiyo. Alimsikia akimwambia mtu apitie nyuma, amwangalie kwanza mwanamke huyo kupitia dirishani, akiona ni mbaya aondoke.

Mariette alikaa wima. Kwa muda mrefu alijua kwamba kuna macho nyuma yake, na hakugeuka. Alitaka Malachie amwone hivyo, hana haja naye.

Mlango ukafunguliwa. Aliyesimama pale alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya pamba, ambaye Mariette hakuwahi kumwona.

"Mama, unatafuta nani?"

"Si wewe."

"Mimi njo ninaandikaka mchezo. Naitwa Phinées. Na sauti ya bwana pia ni yangu."

Ilikuwa kweli, ndiyo sauti ya redioni. Mariette akashangaa aliwezaje kuiona ni ya Malachie. Maneno yote aliyoyanoa njiani hayakuwa tena na mtu wa kuambiwa.

"Ulitoa wapi mambo yangu?" akauliza.

Phinées hakuingia. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mlango. "Mambo gani?"

"Mashini yenye kuitwa Mama-mukwe. Sombe ya sukari. Mugeni."

"Kila mutu mwenye kuwa na redio anajua hayo, mama."

Alisema kweli. Mariette alimtazama, akamtazama na mzee Ésaïe, watu wawili asiowafahamu, na akaona kwamba ili waamini atalazimika kutoa kitu ambacho hakijasikika popote.

"Mugeni hakufika," alisema. "Hiyo haujaisema ku redio. Mvua ilikuwa inanyesha. Bwana yangu alichimba yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba. Hatukuambia mutu."

Phinées akavua kofia. "Alituambia alipanda maua pale juu."

"Alipanda maharagwe," Mariette alisema. "Maua ilikuwa ya maharagwe."

Yule mtu akaingia ndani, akakaa chini sakafuni, ingawa kulikuwa na kiti. Ésaïe akaisukuma ile carte polepole mpaka mbele ya Mariette.

Phinées alikuwa mmoja wa wakulima waliokamatwa siku moja na Malachie. Alisimulia bila kumwangalia. Walibebeshwa mizigo, wakatembezwa msituni, wakakatazwa kuongea. Walipopumzika, Malachie alikuwa akianza kunong'ona habari za mke wake. Hakuwa anamaliza. Akifika mahali patamu, ananyamaza na kusema yatakayobaki ni ya kesho.

"Donc ilibidi tufike kesho," Phinées alisema. "Kulikuwa mutu alitaka kukaa chini, wamuue tu. Tulimuambia, utakufa bila kujua kama muzee alikula ile sombe? Akasimama. Hata wale wenye bunduki, siku zingine walikuwa wanasogea. Njo maana hakutaja jina yako. Alisema bale nabo wanasikia."

"Yeye iko wapi?"

"Homa, mama. Ilimupata pembeni ya mto. Tulikuwa wawili, tulimufunika na udongo kwa mikono. Mimi nilikimbia baadaye, siku askari walishambulia, na mupaka leo naogopa watanitafuta."

Mariette hakulia pale. Jambo moja lilikuwa bado linamkwaruza. "Na juu ya nini hukunitafuta?"

"Nilifika Butembo. Niliuliza bamama wa mashini sokoni kama wanajua mwenye kuongeaka na mashini yake. Wakaniuliza nani amenituma, nikarudi." Akakunja kofia mkononi. "Mais sitakudanganya. Kisha pale sikutafuta tena. Niliweka ile mambo ku redio, watu wakapenda, na mimi nikapenda kupendwa."

"Ulifanya bwana yangu akuwe kitu ya kuchekesha watu."

"Alikuwa anatuchekesha, mama. Njo kazi alifanyaka kule."

Mariette alimwomba amsimulie zile ambazo hazijatoka redioni. Phinées akasimulia mpaka gari la mwisho la Butembo lilipokaribia kuondoka. Nyingine alizijua. Nyingine zilikuwa na uongo wa Malachie ndani yake, aliyemfanya mke wake kuwa mwerevu na mrefu kuliko alivyo. Moja ilimfanya acheke, na kicheko hicho ndicho kilichofungua machozi. Alipoagana nao alimwambia Phinées aendelee na mchezo, ila mimba aiache isonge mbele, na mtoto azaliwe.

Aliporudi Butembo alimfuata Séphora mwisho wa baraza, akamwambia yote. Séphora alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya kweli, akamshika mikono. Lakini mashini hakuirudisha. "Nakusamehe, Yaya," alisema. "Mais bado najisikia kama mwizi nikikaa pale." Ilichukua miezi kabla hajarudi, na hata hapo alikuwa akisikiliza kwa visikizi vya masikioni, na hakumpendekezea tena mtu yeyote kitu kwa sauti kubwa.

Kisha Mariette akaenda Luofu. Alitaka kujua habari ya ile safari ya Beni. Agar aliendelea kumenya viazi kwa muda kabla ya kujibu.

"Wakisema mateka wametolewa porini, mimi naendaka kuangalia," alisema. "Wanabapanga pale mbele ya bureau ya serikali. Napita naangalia uso moja moja."

"Wewe ulikuwa unaniambia tufanye matanga."

"Ni kwa ajili yako, Mariette. Wewe ulikuwa unakauka. Mimi naweza kungoja."

Mariette akamweleza habari ya Phinées, mto na homa. Alifikiri watalia pamoja. Agar akaweka kisu chini.

"Ule mutu anaweza kuwa alisikia hadithi zote za Malachie akiwa muzima," alisema. "Halafu akamuacha njiani akitembea. Nani aliona kaburi? Ni yeye peke yake anasema aliona. Na yeye anakula juu ya hiyo hadithi."

Hakuna alichoweza kusema Mariette kumtoa hapo. Matanga yalifanyika Luofu, watu wa kanisa wakaimba, Phinées akaja na kuketi nyuma kabisa. Agar alipika, akahudumia wageni wote, akamwekea na Phinées sahani iliyojaa. Hakumpa mkono, wala hakulia.

Baada ya mvua kwisha, habari zikaenea kwamba mateka wengine wametolewa upande wa Mabalako, wanaletwa Beni. Agar akafunga mzigo wake mdogo. Gari lake lilipopita Butembo alimkuta Mariette amesimama kando ya barabara, amevaa viatu vya kutembea, na chakula cha watu wawili kwenye kapu. Agar akasogea kumwachia nafasi ya kukaa.