Marehemu Anarusha Dadu

Jumamosi alasiri kinyozi alifagia nywele, akatundika aproni, akaingia chumba cha nyuma na kitabu kipya cha sheria za mchezo kwapani. Mezani walikuwa wakimngoja dobi, fundi saa, na marehemu kaka yake dobi, ambaye hakukosa mchezo hata mara moja tangu msumeno wa kiwanda cha mbao umuue.

Katika mchezo wao kila mtu humwongoza shujaa wake, na dadu ya pande ishirini ndiyo huamua nani kapigwa. Toleo la zamani halikuwa na huruma: uhai ukifika sifuri umekufa, na maiti harushi dadu. Kwa hiyo marehemu alikuwa akikaa tu, akitazama wenzake wakipambana na majitu.

"Sheria za vita zimebadilika, jamani!" Kinyozi alisoma kwa kelele. "Ukifika sifuri, unaanguka tu. Unarusha mara tatu. Kumi kwenda juu umepata. Ukipata mara mbili, unainuka!"

Marehemu akavuta kiti. "Nipeni dadu."

"Ujanja huo," alisema fundi saa. "Wewe ulikufa kwa toleo la zamani."

"Nilikufa, sikatai. Nilirusha lini?"

Dobi alimgeukia kinyozi. "Meza hii leo inacheza kitabu kipi?"

"Kipya," kinyozi alikiri.

"Basi mpeni kaka yangu dadu."

Akarusha. Kumi na saba! Dobi akapiga meza, vikombe vikaruka. Akarusha tena: mbili. Ya tatu ikabingirika, ikapita ukingo wa meza, ikaangukia chini ya kiti cha fundi saa. Wote wanne wakapiga magoti, vichwa vikagongana.

"Msiiguse! Msiiguse!" dobi alipaza sauti.

Ilikuwa kumi.

"Kumi tupu hiyo," fundi saa alinung'unika.

"Kumi kwenda juu, bwana! Huna macho?" Dobi alikuwa tayari amemkumbatia kaka yake. Mwili ulikuwa wa moto. Kaka akakohoa unga wa mbao, akaomba maji.

Tajiri wa kiwanda, aliyekuja kunyolewa akakuta kinyozi hayupo, alifunua pazia kuona kelele ni za nini. Wakamweleza. Akampa kaka mkono.

"Afadhali. Jumatatu uwahi, mbao zimerundikana."

"Tajiri," dobi alisema, "ule msumeno umeuwekea kinga?"

"Kinga ya nini tena, binti? Si mmesema siku hizi mtu anarusha kwanza?"

Fundi saa alifungua kitabu, akatafuta, akakubali kwamba ndivyo kilivyosema.

Jumatatu alfajiri dobi alipiga pasi shati la kazi la kaka yake. Akatia dadu mfukoni, akaushona mdomo wa mfuko kwa nyuzi chache, zile za kukatika kwa mkono mmoja mtu akianguka.